Tumbili Mzima ni Yupi

Kwa mujibu wa kitabu cha viwango vya damu, tumbili dume yule alikuwa mgonjwa sana. Chembe nyeupe za damu yake zilikuwa zimevuka mpaka, sukari imepanda, na kitabu kilisema mnyama wa namna hiyo ana maambukizi, aanzishiwe dawa bila kuchelewa. Daktari wa makazi yale ya wanyama akatii. Kila asubuhi alimpelekea dawa ndani ya ndizi, na kila asubuhi dume yule, ambaye wahudumu walimwita Karani kwa tabia yake ya kupekua mifuko ya watu, alikula ndizi, akaibakiza dawa shavuni, kisha akamtemea daktari kwenye koti.

Hakuwa mgonjwa. Alikuwa amekasirika tu. Siku aliyotolewa damu alikuwa amekimbizwa na wanaume wawili wenye nyavu kuzunguka banda zima, na kiumbe yeyote ukimkimbiza hivyo, hata awe hakimu, damu yake itasema maneno ya ajabu. Zaidi ya hapo, daktari alipokaa chini na kusoma maandishi madogo mwishoni mwa kitabu, aligundua kwamba viwango vile havikuwa vya tumbili kabisa. Vilikuwa vya kima wa aina nyingine, waliozaliwa na kukulia ndani ya maabara za mbali, na waliotolewa damu wakiwa wamelazwa usingizi. Ilikuwa sawa na kumpimia mtu viatu kwa mguu wa jirani yake.

Angeweza kucheka, lakini haukupita muda jike mmoja, ambaye kitabu kilisema ana damu nzuri kuliko wote, akakutwa amekufa kwenye kona ya banda. Daktari alikichukua kitabu akakisukumia chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba. Pale angalau kilikuwa na faida.

Makazi yenyewe yalikuwa ya wanyama waliookolewa. Wengi wao walikuwa tumbili walionyang'anywa watu waliowafunga minyororo uani, au wachuuzi waliowauza ndani ya vikapu. Kulikuwa na mabanda mawili makubwa: jipya, la mabomba yanayong'aa, na la zamani, ambalo kabla ya kuwa la wanyama lilikuwa ghala. Juu ya yote alikaa mkurugenzi, mtu mrefu, mpole, mwenye mashati yasiyo na kunyanzi, ambaye katika maisha yake ya kazi hakuwahi kumwambia mtu "hapana". Alisema "tutaangalia". Ukimwomba glavu, tutaangalia. Ukimwambia bomba limepasuka, tutaangalia. Wafanyakazi walimwita Tutaangalia akiwa hayupo, na ilisemekana analijua jina hilo na hajali.

"Tunahitaji viwango vyetu wenyewe, mkuu," daktari alimwambia. "Nikijua damu ya tumbili mzima wa hapa ikoje, nitamjua mgonjwa. Sasa hivi nabahatisha."

"Ni wazo zuri, daktari. Tutaangalia."

"Nahitaji kuwapima wote walio wazima. Chini ya arobaini hesabu haifai. Na wasikimbizwe na nyavu. Wafundishwe kutoa mkono wenyewe."

"Tumbili atoe mkono mwenyewe?"

"Ndiyo."

Mkurugenzi alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgeni aliyeingia nyumba isiyo yake. Hata hivyo hakusema hapana.

*

Kumfundisha tumbili kutoa mkono si kazi ya mtu mwenye hasira, na daktari alikuwa na hasira tangu utotoni. Unafunga bomba fupi la plastiki kwenye wavu wa banda. Tumbili anapitisha mkono wake ndani, anashika kijiti upande wa pili, anakishikilia wakati wewe unapapasa mshipa, unachoma sindano nyembamba, unavuta damu kidogo, kisha unampa karanga. Maelezo yanachukua dakika moja. Utekelezaji ulichukua sehemu kubwa ya mwaka.

Aliyemchosha zaidi alikuwa jike mkubwa wa banda jipya, aitwaye Shangazi kwa sababu hakuna jambo lililopita pale asiloliingilia. Shangazi alielewa mchezo siku ya kwanza. Alielewa mno. Alipitisha mkono, akashika kijiti, akapokea karanga, akaondoa mkono. Daktari alipojaribu kumcheleweshea karanga mpaka aguse mshipa, Shangazi aligeuka akampa mgongo na kukaa hivyo hadi jioni, na kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa banda, majike wote wengine nao wakageuka wakampa daktari mgongo.

"Wamegoma," alisema fundi wa maabara, aliyekuja kuchukua vichupa vya damu na kukuta vitupu. Huyu alikuwa mtu mwembamba, mtulivu, aliyependa mashine yake ya kuhesabu chembe za damu kuliko alivyopenda chakula. Walimwita Kipimo.

"Naona, kaka. Nina macho."

"Labda karanga zimewachosha. Jaribu zabibu kavu."

"Mimi ndiye niliyechoka. Mbona mimi sipewi zabibu?"

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Mama mkwe wake alikuwa amekuja kukaa nao kwa muda, na muda huo haukuwa na dalili ya kwisha. Alikuwa mwanamke mwenye afya njema aliyependa sana kuumwa. Daktari akirudi jioni, kabla hajavua viatu, huanza kusomewa: goti, mgongo, kizunguzungu cha saa nne, kizunguzungu cha saa nane.

"Mke wa mwanangu anawapima nyani damu," alimwambia mwanawe siku moja, makusudi, daktari akiwa anasikia. "Mimi mwenzenu nikisema kichwa kinauma, naambiwa ninywe maji."

"Si nyani, mama. Ni tumbili," daktari alisema.

"Haya, tumbili. Angalau wana mtu wa kuwashika mkono."

Mumewe, mwalimu wa hesabu, aliinamia madaftari ya wanafunzi na kujifanya hasikii. Alikuwa stadi wa kutosikia. Daktari alimaliza chai yake, akaenda kulala.

Lakini maji yaliendelea kudondoka na jiwe likaanza kutoboka. Tumbili wa banda la zamani walikuwa wa kwanza kukubali. Walikuwa wapole kuliko wenzao. Walikuja taratibu, wakapitisha mkono, wakaacha damu itoke huku wanatazama pembeni, wamelegea. Daktari aliwashukuru kimoyomoyo. Alidhani ni utu uzima, maana wengi wao walikuwa wamekaa kifungoni miaka mingi. Kisha Karani akakubali. Mwisho wa yote Shangazi akakubali, kwa sababu tu hakuweza kuvumilia kuona wengine wanakula zabibu.

*

Jedwali lilipokamilika, daktari alilitazama na moyo wake haukutulia. Viwango vilikuwa vipana mno. Hemoglobini, ule wekundu wa damu unaobeba hewa, ilianzia chini kabisa na kuishia juu kabisa. Kati ya mwisho wa chini na mwisho wa juu pangepita ng'ombe na mikokoteni yake. Kwa jedwali kama hilo karibu kila tumbili duniani ni mzima. Alimwambia Kipimo wasubiri. Arudie kupima baadhi, ajue tatizo liko kwenye mashine au kwenye mkono wake.

Alimpa mkurugenzi nakala, akamwambia hiyo ni rasimu, asimpe mtu.

Hapa ndipo mtu yule alipomshangaza. Mkurugenzi aliyekuwa ametumia misimu miwili kuidhinisha taa ya hadubini alilituma jedwali kwenye makazi mengine yote ya wanyama siku ileile, kabla chai yake haijapoa, pamoja na barua ya maringo. Tena akaandaa sherehe ya uzinduzi, akawaalika wakubwa, na akaagiza kitambaa kirefu chenye maandishi ya rangi: VIWANGO VYETU WENYEWE.

"Mkuu, nilisema ni rasimu."

"Daktari, unyenyekevu ukizidi ni kasoro. Kazi hii ni nzuri."

"Sijamaliza kuihakiki."

"Utahakiki huku tunasonga. Ngoja ngoja huumiza matumbo."

Daktari alitoka ofisini akasimama ukumbini, akauma kalamu mpaka kifuniko kikapasuka. Mtu huyu, kati ya watu wote, kumwambia habari za ngoja ngoja.

Ndipo mashine ya Kipimo ikafa. Iliwaka taa nyekundu, ikakohoa, ikazima, na kumbe kifaa kilichoungua kilikuwa hakipatikani karibu. Damu mpya ya kurudia vipimo ilikuwa tayari mezani.

"Tusubiri kifaa," alisema Kipimo.

"Damu haisubiri. Nipe vioo."

"Utahesabu kwa mkono? Zote?"

"Tangu nianze kazi hii nimekuwa nikitwanga maji kwenye kinu. Leo angalau nitwange nikiwa nimekaa."

Basi akakaa. Alipaka tone moja moja la damu kwenye kioo, akalitandaza, akalitia rangi, akaliweka chini ya hadubini. Hakuwa amefanya kazi hiyo tangu chuoni, na alihesabu huku ananung'unika: mashine, mkurugenzi, kitambaa, mama mkwe na goti lake. Kioo cha Karani kilikuwa safi. Cha Shangazi safi. Alipofika kwenye kioo cha jike mmoja wa banda la zamani, akaacha kunung'unika.

Chembe nyekundu zilikuwa na madoadoa. Nukta ndogo ndogo za buluu, kana kwamba mtu amezinyunyizia unga.

"Kaka, njoo uone hiki."

Kipimo aliinama. "Rangi imeharibika. Imeganda kwenye kioo."

"Mbona kwa Karani haikuganda? Ni chupa ileile."

"Chuja upya, tuone."

Wakachuja rangi, wakapaka upya, wakasubiri ikauke. Madoadoa yalikuwepo. Wakachukua kioo kingine cha banda la zamani, yapo. Kingine, yapo. Cha banda jipya, hakuna. Mchana ulipita hawajala. Ilipofika alasiri meza ilikuwa na mafungu mawili ya vioo, na hapakuwa na haja ya kuuliza fungu lipi limetoka banda lipi. Kipimo alikaa kwenye kigoda akapangusa miwani yake kwa shati kwa muda mrefu.

"Wale wa damu ya chini," alisema, "wote ni wa kule."

"Wote."

"Na sisi tuliwahesabu kama wazima."

Daktari alivua glavu na kwenda banda la zamani. Alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, hakuita mtu, hakutoa karanga. Alikuwa amepita pale kila siku akiwa na sindano, vichupa na haraka zake, akitazama mikono tu. Sasa alitazama vinywa. Nondo za banda zilikuwa zimepakwa rangi nyeupe, na chini ya nyeupe palikuwa na rangi ya kijani ya enzi za ghala, iliyojikunja na kubanduka kama ngozi ya kitunguu. Tumbili mmoja alibandua kipande kwa kucha, akakiweka ulimini, akatafuna. Mwingine alilamba nondo kwa kituo, kama mtoto anavyolamba kijiko. Rangi za zamani za namna ile zilichanganywa madini ya risasi, sumu inayotia chembe za damu madoadoa kama yale, na ladha yake ni tamu.

Upole wao wote ule, kumbe ulikuwa sumu.

*

"Risasi?" mkurugenzi aliinuka kitini. "Nani amewapiga? Mlinzi yuko wapi?"

"Si risasi ya bunduki, mkuu. Madini. Yamo kwenye rangi ya nondo. Wanailamba."

Akaketi, akarekebisha kola. "Tangu lini?"

"Tangu waletwe, nadhani. Inakula damu polepole. Inakula na ubongo."

"Lakini hawajafa."

"Bado."

Mkurugenzi alitazama dirishani, ambako vijana walikuwa wanapima pa kutundika kitambaa. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa laini, sauti ya mtu anayetafuta njia ya kumsaidia mwenzake.

"Nisikilize, daktari. Sisi tunazungumzia tumbili wa kufugwa, si wa porini. Na mabanda mengi ni ya zamani, hapa na kwingineko. Kama tumbili wa kufugwa damu yake iko hivyo, basi si ndiyo kawaida yake? Jedwali linasema ukweli. Tuandike tu juu yake: viwango vya tumbili wa kufugwa. Kila mtu atakuwa amesema kweli."

Jambo lililomuudhi daktari zaidi ni kwamba hoja haikuwa ya kijinga. Aliitafakari kwa muda, na ikamchukiza kadiri alivyoitafakari.

"Mkuu, watoto wote wa mtaa mmoja wakikohoa, hatusemi kukohoa ndiyo uzima wa mtaa ule. Tunatafuta moshi unatoka wapi. Mimi nilitafuta damu ya tumbili mzima, nikawaingiza wagonjwa kwenye hesabu, hesabu ikaharibika. Nahitaji kuwahamisha leo. Na jedwali lirudishwe."

"Uzinduzi ni wiki ijayo."

"Najua."

"Wageni wameshathibitisha." Alipanga kalamu zake mezani, zikawa sambamba. "Tutaangalia."

Neno lile, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, halikumfanya daktari anyamaze. Alirudi maabara, akafunga mlango, akaanza kupiga simu. Alipiga makazi yote yaliyopelekewa jedwali, moja baada ya jingine, akarudia maneno yaleyale: msilitumie, lina kosa, nitaeleza kwa maandishi. Mmoja alimcheka. Mwingine alimuuliza kwa sauti ya baridi kama huwa anatuma kwanza na kufikiri baadaye, naye akalimeza tusi hilo, kwa sababu kumtaja bosi wake mbele ya watu kusingetibu tumbili hata mmoja.

Wa mwisho alikuwa daktari mwanamke mwenye sauti ya mikwaruzo.

"Kumbe," alisema yule mama. "Dada, unajua nimefanya nini? Kwa wastani wa jedwali lako tumbili wangu wote wana damu nzito kupita kiasi. Nikasema wamekaukiwa maji. Nimekuwa nikiwalazimisha kunywa maji ya chumvi na sukari. Hakuna mtu anayelala hapa. Wanakojoa kila mahali."

"Samahani sana, mwenzangu."

"Na wao walikuwa wazima?"

"Inaonekana ni wazima kuliko wangu."

Sauti ile ya mikwaruzo ilitoa kitu kati ya kicheko na kikohozi. "Basi nikawaombe radhi," ilisema, na simu ikakatwa.

*

Kesho yake mkurugenzi alikuja maabara mwenyewe. Alikuwa amesikia habari za simu, na kwa mtu mpole kama yeye hasira ilionekana masikioni tu; yalikuwa yamekolea rangi.

"Umeniaibisha, daktari."

"Nilikuomba urudishe jedwali, mkuu. Hukurudisha."

"Twende huko bandani. Nataka unionyeshe huyo mgonjwa. Mimi napita pale kila siku, naona wanyama wametulia, wanakula. Nionyeshe mgonjwa mmoja tu."

Wakaenda, watatu: mkurugenzi mbele, daktari nyuma yake, Kipimo mwisho, akiburuta miguu kama mtu anayekwenda kutoa ushahidi asioutaka. Wakasimama mbele ya nondo. Tumbili walikuwa wametulia, kweli. Jike mmoja alikuwa akimtoa chawa mwenzake. Kinda wa mwaka uliopita alikuwa juu ya kamba, anabembea.

"Unaona?" alisema mkurugenzi.

Kinda akaacha kubembea. Alikaza mikono kwenye kamba, akageuza kichwa upande mmoja kana kwamba ameitwa, kisha mikono ikaachia. Alianguka kwenye zege kwa kishindo kidogo. Mwili ulikakamaa, ukaanza kutikisika, miguu ikipiga sakafu, povu likitoka mdomoni. Mama yake alishuka akamshika mkia, akamvuta, asijue afanye nini, akatazama watu waliosimama nje.

Daktari alikuwa ameshafungua mlango. Hakuvaa glavu. Alimbeba kinda kwenye koti lake, akamgeuza ubavu, akamfuta mdomo kwa kidole. "Kaka, dawa ya degedege, droo ya pili. Blanketi." Kipimo alikimbia, yeye ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwona akikimbia. Mkurugenzi alibaki ameshika nondo kwa mikono miwili. Alipoziachia, viganja vyake vilikuwa na magamba ya kijani.

Degedege lilikatika baada ya sindano. Kinda alibaki anahema kwa pumzi fupi fupi.

"Atapona?" mkurugenzi aliuliza.

"Sijui. Kuna dawa ya kuitoa risasi mwilini. Sisi hatuna. Hospitali ya watu wanayo, ya watoto."

Daktari alisubiri neno lile. Midomo ya mkurugenzi ilijipanga kulitoa, aliiona. Kisha mtu yule akatoa funguo za gari mfukoni.

"Panda," alisema.

Mfamasia wa hospitali alikuwa dada mwenye nywele zilizobanwa na kalamu, na alipoambiwa mgonjwa ni nani alidhani anataniwa. Aliuliza jina la mgonjwa kwa ajili ya cheti. Daktari, ambaye uvumilivu wake ulikuwa umebaki kidole kimoja, alisema hana jina. Uzito. Akautaja. Umri. Akautaja. Anwani. Hapo mkurugenzi akaingilia kati, na kwa adabu zake zote, mashati yake na sauti yake laini, alimweleza yule dada habari za kamba, zege, na mama aliyevuta mkia. Alieleza vizuri. Yule dada aliacha kuandika, akaingia ndani, akarudi na dawa.

*

Kuwahamisha tumbili wa banda la zamani kulizua vita. Banda jipya halikuwa na nafasi. Wakagawanya kwa nyavu, wakatumia stoo ya vyakula, wakatumia hata kibanda cha mlinzi, ambaye alilalamika kwamba sasa yeye ndiye yuko nje na tumbili wako ndani. Shangazi aliwapokea wageni kwa kumng'ata mmoja sikio na Kipimo kidole gumba. Daktari alishona vyote viwili, akaanza na sikio, jambo ambalo Kipimo hakulisahau upesi.

Majibu ya maabara kubwa yalipokuja yalisema kile ambacho vioo vilishasema: risasi, tena nyingi. Hakuna aliyeshangaa isipokuwa mama mkwe.

"Nani kawapiga risasi wanyama wa watu?" aliuliza mezani.

Daktari alianza kueleza. Akaeleza rangi, ghala, kulamba, madoadoa. Alikuwa amechoka kiasi kwamba alieleza bila kuficha kitu: kwamba wale wapole alifurahia upole wao, kwamba aliwatoa damu mwaka mzima bila kuwatazama usoni. Mumewe aliinua kichwa kutoka kwenye madaftari. Mama mkwe alisikiliza hadi mwisho, kisha akamsogezea mkate.

"Kula," alisema. "Goti langu leo halina neno." Na kwa mwanamke yule, hiyo ilikuwa zawadi kubwa.

Sherehe haikufutwa. Mkurugenzi aliigeuza kuwa uzinduzi wa ukarabati wa banda la zamani, na kitambaa kilekile kikatundikwa, nusu yake ikiwa imekunjwa nyuma, kikabaki kinasema VYETU WENYEWE, ingawa hakuna mgeni aliyeelewa ni vitu gani. Katika hotuba alisema "sisi tuligundua" mara nyingi kiasi kwamba Kipimo, mwenye kidole kilichofungwa bandeji, alianza kukohoa. Daktari alipiga makofi kwa ncha za vidole. Hata hivyo, mafundi walikuwa wanakwangua nondo hadi kwenye chuma tupu, wamevaa barakoa, na safari hii hakuna aliyesema tutaangalia.

Kinda alipona. Mkono wake wa kushoto ulibaki unatetemeka anapofikia chakula, na alijifunza kutumia wa kulia.

Jedwali lilipoondolewa tumbili wa banda la zamani, lilibaki jembamba na zuri, kiwango cha chini na cha juu vimekaribiana kama inavyopaswa. Kasoro ni kwamba wanyama hawakutosha tena. Daktari alihesabu, akahesabu tena kana kwamba tumbili wangezaana kwenye karatasi, akaangusha kalamu. Mwaka mzima, na alikuwa amerudi alipoanza, ukiondoa mashavu yaliyomshuka.

Simu ililia akiwa bado anaitazama karatasi. Ilikuwa ile sauti ya mikwaruzo.

"Dada wa risasi, hujambo. Nasikia umebakiwa na tumbili wachache."

"Umesikia wapi?"

"Bosi wako anapenda kuzungumza. Mimi ninao thelathini na kitu. Nondo zangu nimezipima, hazina rangi wala uchafu. Maji nimeacha kuwapa kwa nguvu. Njoo na sindano zako."

Daktari aliegemea ukuta. "Wanatoa mkono?"

"Wanatoa ulimi. Mkono utawafundisha wewe."

Akaenda. Kipimo alifuata na mashine yake iliyotengenezwa, ameipakata njia nzima. Mwenye sauti ya mikwaruzo alikuwa mwanamke mfupi kuliko alivyomdhania, mwenye buti za mpira na kikombe cha chai kisichomtoka mkononi. Aliwaongoza hadi bandani. Tumbili walikuwa wengi, wenye kelele, wakorofi, wanarushiana maganda. Hakuna hata mmoja aliyetulia. Daktari aliwatazama nyuso kwanza, mmoja mmoja, kwa muda mrefu kiasi kwamba mwenyeji wake alimuuliza kama kuna tatizo.

"Hakuna," alisema. "Wanachosha."

Kisha akafunga bomba la plastiki kwenye wavu. Dume mmoja akaja, akachungulia ndani yake, akaling'oa na kupanda nalo juu ya paa.